Mwanza hadi Bukoba kwa ndege: kilomita 175, na sababu za muda wa safari kubadilika

Umbali wa anga kati ya Kiwanja cha Ndege cha Mwanza na Kiwanja cha Ndege cha Bukoba ni takriban kilomita 175, sawa na maili 94 za baharini, kipimo ambacho ndicho kinachotumiwa na marubani pamoja na waongoza ndege. Ndege za abiria za pangaboi zinazotumika katika njia hiyo hukaa angani kwa muda wa dakika 25 hadi 35, ilhali ratiba zinazotolewa kwa abiria kwa kawaida huonesha dakika 40 hadi 50, kwa kuwa huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama mbele ya jengo la abiria upande wa pili.

Hizo ndizo takwimu zinazoulizwa mara kwa mara. Hata hivyo, mwananchi anayeuliza umbali wa Mwanza na Bukoba mara nyingi huwa na jambo lingine moyoni. Yupo mgonjwa anayetakiwa kuonwa na daktari bingwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando. Yupo mtumishi anayesubiriwa kwenye kikao saa 4 asubuhi. Yupo aliyepewa taarifa ya msiba na anataka kuwahi maziko. Wote hao hutaka kujua watafika saa ngapi, na wanapokutana na tangazo la kuahirishwa kwa safari huku jua likiwaka Mwanza, hupata shida kuelewa ni kwa nini njia fupi kiasi hicho ishindikane. Sababu zipo, na nyingi ya hizo zinatokana na ziwa lenyewe.

Viwanja viwili kando ya maji

Kiwanja cha Ndege cha Mwanza kipo katika Wilaya ya Ilemela, takriban kilomita 10 kutoka katikati ya jiji, kando ya Ziwa Victoria. Kiwanja cha Bukoba kipo ndani ya mji wa Bukoba, na ncha moja ya barabara yake ya kurukia na kutua ndege inaelekea moja kwa moja majini. Mwanza ipo mita zipatazo 1,147 juu ya usawa wa bahari na Bukoba mita zipatazo 1,141. Kwa kuwa uso wa Ziwa Victoria wenyewe upo katika mwinuko wa mita 1,134 hivi, viwanja vyote viwili vimelizidi ziwa kwa kimo kisichofika hata cha jengo la ghorofa tano.

Ukitazama ramani, Bukoba ipo kilomita 123 kaskazini na kilomita 124 magharibi ya Mwanza. Maana yake ni kwamba ndege inayotoka Mwanza huelekea kaskazini-magharibi kamili, nyuzi 315 za dira. Mwelekeo huo una bahati ya pekee. Barabara ya kurukia ya Mwanza imepewa namba 12 na 30, na ile ya Bukoba namba 13 na 31. Namba hizo ni nyuzi za dira zilizogawanywa kwa kumi. Hivyo, ndege inayoruka Mwanza kwa kutumia upande wa 30 na kutua Bukoba kwa upande wa 31 husafiri karibu katika mstari mmoja ulionyooka kama uzi, kutoka lami ya Ilemela hadi lami ya Bukoba, ikiwa na maji chini yake kwa sehemu kubwa ya njia.

Abiria aliyekaa dirisha la kulia huiona Ukerewe mwanzoni mwa safari, kisha maji matupu hadi upeo wa macho. Aliyekaa kushoto huviona kwa mbali visiwa vya Kome na Maisome, na kuelekea mwisho wa safari hukiona kisiwa cha Bumbire. Kwa sababu hiyo, maelezo ya mhudumu wa ndege kuhusu jaketi la kujiokolea, ambayo abiria wengi huyachukulia kuwa ni desturi tu, katika njia hii yanahusu eneo halisi ambalo ndege inapita.

Umbali hupimwaje

Kilomita 175 ni urefu wa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kati ya viwanja hivyo. Hupatikana kwa kutumia majira ya nukta ya kila kiwanja, yaani latitudo na longitudo zake: Mwanza ikiwa nyuzi 2 dakika 27 kusini na nyuzi 32 dakika 56 mashariki, na Bukoba nyuzi 1 dakika 20 kusini na nyuzi 31 dakika 49 mashariki. Kwa kuwa maeneo yote mawili yapo karibu sana na Ikweta, hesabu ni nyepesi: dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, na dakika moja ya longitudo inakaribia kabisa urefu huo huo.

Tofauti ya longitudo ina athari nyingine ambayo wakulima na wavuvi huitambua bila kuipima. Jua huchomoza na kuzama Bukoba takriban dakika nne na nusu baada ya Mwanza, ingawa saa za miji yote miwili husoma sawa.

Umbali huo usichanganywe na wa barabara. Gari linalotoka Mwanza kwenda Bukoba kupitia Sengerema, Geita, Biharamulo na Muleba hulizunguka ziwa upande wa kusini-magharibi na kusafiri zaidi ya kilomita 400, yaani zaidi ya mara mbili ya umbali wa anga. Ziwa ndilo linaloifanya tofauti hiyo kuwa kubwa.

Dakika zinakokwenda

Ndege aina ya ATR 42, yenye viti visivyofika 50, inaweza kwenda mwendo unaokaribia kilomita 550 kwa saa inapokuwa imetulia angani. Dash 8 Q400, ambayo ni kubwa na yenye kasi zaidi, hukaribia kilomita 650. Kwa hesabu ya haraka, kilomita 175 zingemalizika kwa dakika 19 katika ndege ya kwanza na dakika 16 katika ya pili. Abiria anayepiga hesabu hiyo akiwa amekaa kitini huhisi kwamba amepunjwa.

Ukweli ni kwamba katika safari fupi ndege haipati nafasi ya kukaa kwenye mwendo wake wa juu kwa muda mrefu. Kanuni za anga zinaagiza ndege zinazoelekea upande wa magharibi zipite katika vimo vya maelfu ya futi yanayogawanyika kwa mbili, na zinazoelekea mashariki katika vimo vya maelfu yasiyogawanyika, ili zinazopishana zitenganishwe kwa kimo. Tuseme ndege ya kwenda Bukoba imepangiwa futi 14,000. Kiwanja cha Bukoba kikiwa katika futi 3,745, ndege hiyo ina zaidi ya futi 10,000 za kushuka. Marubani hutumia kanuni ya maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000, hivyo kushuka pekee huchukua maili 30 kati ya 94. Ongeza umbali unaotumika kupanda, na itaonekana kuwa sehemu iliyobaki ya kwenda sawa ni fupi mno. Mara nyingi abiria hana hata muda wa kumaliza kinywaji chake kabla ya kutangaziwa afunge mkanda tena.

Upepo, unaotajwa sana katika safari ndefu, hapa hauna uzito. Ndege inayokwenda noti 270, yaani kilomita 500 kwa saa, ikikutana na upepo wa mbele wa noti 20 katika njia yote, huchelewa kwa muda usiofika dakika mbili. Dakika nyingi zaidi hupotea ardhini: kusogea kutoka maegeshoni, kusubiri ndege nyingine itue, na kwa Mwanza kusubiri zamu katika kiwanja kinachohudumia pia ndege kubwa za injini za jeti zinazotoka Dar es Salaam. Ndiyo maana mashirika huandika dakika 45 au 50 kwenye ratiba, na ndege ikifika baada ya dakika 38 abiria hufurahi kwamba wamewahi.

Kwa abiria wa Dar es Salaam kwenda Bukoba, swali hujitokeza kama kupitia Mwanza ni kuzunguka. Kwa umbali, si kuzunguka. Dar es Salaam hadi Mwanza ni takriban kilomita 851, na kutoka Dar es Salaam moja kwa moja hadi Bukoba ni takriban kilomita 1,023; anayepitia Mwanza husafiri jumla ya kilomita 1,026, ziada ya kilomita tatu tu, kwa sababu Mwanza ipo karibu kabisa na mstari huo. Kinachoongezeka ni muda wa kushuka, kushusha na kupakia, na kuruka upya.

Barabara ya Bukoba

Tofauti kubwa kati ya viwanja hivyo ni urefu wa barabara za kurukia. Ile ya Mwanza inazidi kilomita 3 na inapokea ndege aina ya Airbus A220 na Boeing 737. Ile ya Bukoba ni ya takriban mita 1,500. Kwa sababu hiyo Bukoba huhudumiwa na ndege za pangaboi, ambazo zimeundwa kuruka na kutua katika nafasi ndogo.

Mwinuko nao unahusika. Katika mita 1,141 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kuliko ile ya Dar es Salaam, mabawa hupata nguvu kidogo zaidi ya kuinua, na ndege huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kuacha ardhi. Jua likiwa kali hewa huzidi kuwa nyepesi, na barabara ikiwa na maji breki huhitaji nafasi zaidi. Rubani na wahudumu wa mizigo hupiga hesabu hiyo kabla ya kila safari, na matokeo yake yanaweza kuwa kupunguza uzito. Hapo ndipo mzozo wa kaunta unapoanzia. Msafiri anayetoka Kagera kwa nadra huondoka mikono mitupu. Ndizi, kahawa na, katika msimu wake, senene waliokaangwa, huwa na nafasi yao katika mizigo. Uzito unaoruhusiwa hautofautishi senene na chuma, na boksi linaloachwa lije na ndege inayofuata mara nyingi limeachwa kwa hesabu ya mita za barabara.

Haja ya Mkoa wa Kagera kuwa na kiwanja kikubwa zaidi imejadiliwa kwa miaka mingi, eneo la Omukajunguti wilayani Missenyi likiwa miongoni mwa yaliyotajwa. Upande wa kusini, Kiwanja cha Ndege cha Geita kilichopo Chato, chenye barabara ya mita 3,000, kimeongeza kiwanja kingine kikubwa katika ukanda huu wa ziwa.

Asubuhi ya ziwa

Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha kati ya alfajiri na saa za asubuhi. Hali hiyo haitokei kwa bahati mbaya.

Mchana, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kuingia bara. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa upesi, ziwa hubaki na uvuguvugu wake, na upepo huvuma kutoka pande zote za pwani kuelekea majini. Pepo hizo hukutana juu ya ziwa, hewa iliyojaa unyevu husukumwa juu, na mawingu ya radi hujengeka wakati wananchi wengi wamelala. Kisha pepo za tabaka la juu, ambazo kwa kawaida huvuma kutoka mashariki, huyasukuma mawingu hayo kuelekea magharibi. Magharibi ya ziwa ndiko iliko Bukoba. Kwa hiyo upo uwezekano mkubwa, hasa katika miezi ya Machi hadi Mei na tena kuelekea mwisho wa mwaka, wa Mwanza kuamka na anga safi huku Bukoba ikiwa chini ya wingu zito lililozaliwa usiku katikati ya njia ya ndege.

Hilo ndilo jibu kwa abiria anayetazama jua la Ilemela na kushangaa kwa nini ndege haiondoki. Kinachosubiriwa ni anga ya upande wa pili. Rubani anayeshuka kuelekea barabara yoyote ya kutua ana kimo ambacho, akikifikia bila kuiona barabara, anatakiwa kuinua ndege na kuacha kutua. Mvua kubwa au ukungu ukiifunika ncha ya barabara, kuruka mapema kutoka Mwanza hakuleti faida yoyote. Ndege itafika baada ya dakika 25 na kuzunguka angani ikichoma mafuta. Dakika 40 za kusubiri kwenye kiti cha jengo la abiria ni nafuu kuliko hizo, ingawa kwa anayesubiri hazionekani hivyo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ina rada ya hali ya hewa jijini Mwanza inayosaidia kufuatilia mawingu juu ya ziwa, na hutoa taarifa maalumu kwa ajili ya usafiri wa anga pamoja na utabiri kwa watumiaji wa ziwa. Ofisi za viwanja hupokea taarifa hizo na kuzitumia kabla ndege haijaondoka.

Siku ya Jumapili, tarehe 6 Novemba 2022, muda mfupi kabla ya saa 3 asubuhi, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba wakati hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani yake kulikuwa na watu 43. Watu 19 walipoteza maisha, wakiwemo marubani wote wawili, na 24 waliokolewa. Wavuvi waliokuwa karibu na eneo hilo walifika kwa mitumbwi yao kabla ya vikosi vya uokoaji. Kesho yake miili iliagwa katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, na Waziri Mkuu, Mhe. Kassim Majaliwa, aliongoza waombolezaji. Wakazi wa Kagera hawahitaji kukumbushwa siku hiyo. Imetajwa hapa kwa sababu ilitokea katika saa zile zile za asubuhi zinazoelezwa juu, na kwa sababu tangu hapo tangazo la kuchelewa kwa ndege ya Bukoba limekuwa na uzito tofauti masikioni mwa wanaolisikia.

Ndege isipoweza kutua

Ndege inaporuka kwenda Bukoba, tayari ina mahali pengine pa kwenda. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka mafuta yatosheleze kufika kiwanja kilichokusudiwa, kisha kwenda kiwanja mbadala, na juu ya hayo ibaki akiba ya mwisho ya kuzunguka kwa dakika 30. Mwanza hutumika kwa urahisi kama kiwanja mbadala cha Bukoba kutokana na barabara yake ndefu na huduma zake. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba Entebbe, nchini Uganda, ipo takriban kilomita 167 kutoka Bukoba, karibu zaidi kuliko Mwanza kwa kilomita nane. Lakini kuvuka mpaka kuna taratibu za uhamiaji na forodha, hivyo kwa safari ya ndani chaguo la kwanza hubaki ndani ya nchi. Kiwanja cha Geita kilichopo Chato nacho kipo katika umbali usiotofautiana sana na huo.

Ndege iliyofika Bukoba, ikazunguka dakika 15 na kurudi Mwanza, itakuwa imekaa angani zaidi ya saa nzima na kumrudisha abiria palepale alipoanzia. Malalamiko huwa mengi siku kama hiyo. Hata hivyo, ndege imefanya kile ilichojazwa mafuta kwa ajili yake.

Barabara na meli

Yapo mambo ambayo hayaruhusu kusubiri hali ya hewa, na hapo msafiri hulazimika kulinganisha. Kwa miongo mingi safari ya barabara kati ya Mwanza na Bukoba ilitegemea kivuko cha Kigongo na Busisi katika Ghuba ya Mwanza, ambako foleni ya magari ingeweza kula saa nzima au zaidi, na gari la wagonjwa lilisimama ukingoni likisubiri kama magari mengine. Tarehe 19 Juni 2025 Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mhe. Dkt. Samia Suluhu Hassan, alizindua Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 katika eneo hilo, na sasa ghuba huvukwa kwa dakika chache, usiku na mchana. Safari nzima bado huchukua sehemu kubwa ya mchana kwa basi, lakini sehemu yake isiyotabirika kuliko zote imeondoka.

Kwa maji, meli huondoka jioni na kufika asubuhi, ikipitia Kemondo. Njia hiyo ina kumbukumbu yake nzito. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikitokea Bukoba, na watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Serikali imeifanyia ukarabati mkubwa MV Victoria na kujenga jijini Mwanza meli mpya, MV Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliyoshushwa majini mwaka 2023. Mwenye shehena ya ndizi hana haja ya kubishana na kaunta ya ndege ilhali meli ipo.

Kwa anayepanga safari

Msafiri mwenye miadi ya hospitali, usaili au shauri la mahakamani upande wa pili wa ziwa anashauriwa asipange kufika asubuhi ya siku ile ile, hususan katika miezi ya mvua. Kufika siku iliyotangulia humwondolea hofu ya kuukosa muda aliopangiwa. Anayeunganisha ndege Mwanza kwenda Dar es Salaam au nje ya nchi anapaswa kuacha nafasi ya saa kadhaa kati ya safari mbili, na ikiwezekana anunue safari zote katika tiketi moja. Tiketi zikiwa mbili tofauti, kuchelewa kwa ndege ya kwanza hakuifungi ya pili kumsubiri.

Ndege za mchana hukutana mara chache zaidi na mawingu ya asubuhi, lakini upepo wa ziwani unaovuma kuingia nchi kavu baada ya saa 6 mchana unaweza kulazimu ndege itue Bukoba kwa upande wa 13, ikitokea juu ya mji. Abiria huona ndege ikizunguka kabla ya kushuka, na dakika kadhaa huongezeka. Mzunguko huo ni wa kawaida.

Safari ikiahirishwa, abiria ana haki ya kuelezwa sababu na hatua inayofuata. Malalamiko huwasilishwa kwanza kwa shirika la ndege husika kwa maandishi, yakiambatana na nakala ya tiketi na pasi ya kupandia ndege, na vipande vya mizigo endapo suala linahusu mizigo. Asiporidhika na majibu, mwananchi anaweza kulifikisha suala lake Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, au kuomba ushauri kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Ni vyema kuandika saa halisi ambayo ndege iliondoka maegeshoni na saa iliyosimama, kwa kuwa ndizo zinazolinganishwa na ratiba. Saa ya kuacha ardhi haihesabiwi.